Nchi Iliyokataza Kujumlisha

Nakutega wewe uliyekaa hapo na kikombe chako, usigeuke nyuma kumtafuta mwingine. Mgeni wangu hupita mlangoni kwangu usiku na mchana. Tangu alipopita mara ya kwanza hajarudi, wala hajamaliza kupita. Ni nani huyo?

Fikiri. Sina haraka, mboga bado iko motoni.

Umesema upepo? Upepo hurudi, tena hurudi na vumbi la jirani. Umesema umri? Hilo nimelipenda, lakini umri humaliza kupita siku moja, kawaulize waliolala makaburini. Umeshindwa. Basi nipe mji, maana ndivyo tunavyofanya sisi wategaji: aliyeshindwa hutoa mji, na aliyetega huenda kuutembea. Usinipe Tanga wala Lamu, nimepewa mara nyingi hata najua mabati yanayovuja. Nipe mji ambao hakuna aliyewahi kunipa.

Utuliani? Haya, nimeupokea. Nimekwenda Utuliani, nimekaa siku tatu, nimekula ugali wao na samaki wao, na niliyoyaona nakueleza kama yalivyokuwa. Na yule mgeni asiyemaliza kupita ni mto. Ulikuwa nao mdomoni, hukuutema tu.

Utuliani ni nchi ya mto mmoja, unaitwa Tamwe. Tamwe huzaliwa mara mbili. Upande wa machweo kuna milima ya Vilele. Huko chemchemi moja hutoka kwenye udongo mwekundu, na ya pili hutoka msituni chini ya majani yaliyooza, maji yake meusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Kila chemchemi inakuwa mto wenye bonde lake, mwendo wa siku nne, mpaka mito hiyo miwili inapokutana mahali paitwapo Fundoni. Hapo utaona kitu cha kuchekesha: maji mekundu yako kushoto, meusi yako kulia, yanakwenda pamoja bila kuchanganyika, kama mume na mke waliogombana njiani lakini wanarudi nyumba moja.

Chini ya Fundoni mto unabanwa na majabali. Wenyewe wanapaita Koo. Ni pembamba hata mtu wa huku anaweza kumrushia wa ng'ambo kipande cha muhogo akakidaka. Ukishatoka Kooni, Tamwe unakunjuka kama mkeka, na bonde hilo pana linaitwa Mkekani. Kila masika maji hutandaza tope jeusi juu yake, na yakiondoka watu huyafuata nyuma na mbegu za mahindi. Nilipolikanyaga tope lile nililitambua kwa nyayo. Kwetu nasi tulilima hivyo hivyo, na mahindi yake hayadai samadi. Baada ya Mkekani mto unapasuka midomo saba na kuingia baharini, lakini huko sikufika, kwa hiyo sitakudanganya.

Nilipokelewa na mama mmoja wa Mkekani, jina lake Siwema. Nyumba yake, kama zote za bondeni, imeinuliwa juu ya miti mirefu na ina ngazi mbele. Ndani alikuwa na binti yake, Asinawa, mzazi wa siku kumi na moja, amefungwa tumbo kwa kanga, na mtoto wake wa kike kifuani. Walinikaribisha kwa uji. Nikauliza kama mgeni yeyote anavyouliza:

"Mwanangu Siwema, una watoto wangapi?"

"Wa kike watatu na wa kiume wawili, bibi."

"Watano, basi. Mungu akukuzie."

Siwema aliweka kidole mdomoni, akaenda dirishani kuchungulia. Aliporudi alinong'ona: "Bibi yangu, ukiwa kwa watu punguza sauti. Hapa hatufanyi hivyo."

"Hamfanyi nini? Hamwombeani watoto?"

"Hatujumlishi."

Nilidhani ananitania. Asinawa akacheka akiwa amelala, akasema, "Mama hakutanii, bibi. Shuleni tulifundishwa kutoa, kuzidisha na kugawanya. Kutoa tunajua sana. Hiyo nyingine ukurasa wake ulichanwa."

Mimi niliishia darasa la nne, na kujumlisha ndilo somo pekee ambalo kwalo nilimpita kaka yangu. Niliona nimeibiwa kitu hivi hivi. Nikalala na swali, na asubuhi nikaomba nipelekwe mahali panapotoka sheria hiyo.

Nilipelekwa mtoni. Karibu na ukingo, ndani ya maji, imesimama nguzo ya jiwe yenye alama kumi na tano, na kila alama ni urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Historia yake si siri. Zamani nchi hii iliongozwa na mama mmoja, Jumbe Kauta. Ndiye aliyesimika nguzo, ndiye aliyejenga tuta la mawe ya kuchonga kuzuia mto usiingie Mkekani kwa fujo, na ndiye aliyetoa sheria mbili. Ya kwanza: maji yasipofika alama ya sita, ghala lifunguliwe watu wale. Ya pili: maji yakifika alama ya kumi, mlango wa Kilimani ufunguliwe watu wa bondeni wapande, na mlinzi asimuulize mtu jina. Mimi nimesikia sheria nyingi katika maisha yangu, na hizo mbili ningezikubali hata kwetu.

Mwaka wake wa mwisho maji yalifika tisa. Mahindi yalikuwa mengi hata mlango wa ghala ukakataa kufungika. Tangu siku hiyo neno tisa likawa neno tamu Utuliani. Mtu akikuuliza hali, unajibu tisa. Bibi harusi akisifiwa, anaambiwa amependeza tisa.

Sasa sikiliza kilichofuata. Kauta alipokufa, mjukuu wake alishika nchi, na mwaka wake wa kwanza maji yakafika kumi na moja. Aliona aibu. Aliona watu watasema bibi alikuwa wa tisa na yeye wa mafuriko. Akaita wanaume wenye nguvu, wakaifunga nguzo kamba, wakaiinua, wazamiaji wakapenyeza matabaka mawili ya mawe chini yake, kila tabaka kimo cha alama moja. Maji yakasoma tisa. Watu walipiga vigelegele, na hakuna aliyepanda Kilimani, na waliozama waliandikwa kwamba walikufa kwa kutojua kuogelea. Mwaka uliofuata maji yalikuwa saba. Wakayatoa mawe, wakachimba shimo, nguzo ikazama kidogo, ikasoma tisa. Imekuwa hivyo miaka mia moja na kumi na miwili. Vitabu vyao vyote vya jiografia vina mstari mmoja unaofanana: Mto Tamwe, kina chake ni tisa.

Asubuhi ile nilishuhudia kazi yenyewe. Wanaume arobaini wa Idara ya Nguzo walikuwa wakivuta kamba kwa wimbo, wazamiaji wanashuka na mawe. Walipomaliza, alisimama bwana mmoja mwenye tumbo la kutulia na mguu mmoja uliovimba kwa jongo, akatangaza:

"Idara imeongeza tabaka la kwanza!"

Watu wakapiga makofi. Bwana huyo ni Mheshimiwa Tindwa, Mkuu wa Usawa wa Maji. Kisha mpiga mbiu, mzee aitwaye Pazi, akapuliza baragumu na kuita kwa sauti iliyokwaruza: "Msomaji! Maji yako wapi?"

Juu ya jukwaa la mbao alikuwepo mwanamume mrefu kuliko wote, mwenye mabega ya kuinama kidogo. Alitazama nguzo, akasema, "Tisa!"

"Tisa, tumetulia!" umati ukaitikia, na watu wote wakaketi chini kwa pamoja, wakaanza kunywa uji. Ni sheria yao: swali la asubuhi likishaulizwa, hakuna wa kuketi mpaka lijibiwe.

Mimi nilibaki nimesimama peke yangu kama mlingoti, na kichwani tabaka moja na tisa vilikwisha kuoana bila idhini yangu. Nikamwendea Mheshimiwa.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, bibi. Aa, hapana, shikamoo wewe. Karibu Utuliani."

"Marahaba. Mheshimiwa, hii nguzo mnaipandisha?"

"Hatuipandishi. Tunaisaidia."

"Kuisaidia kufanya nini?"

"Kubaki kwenye ukweli. Ukweli wa Tamwe ni tisa. Mto ukitoka kwenye ukweli, si haki nguzo iachwe peke yake."

Alikuwa mtu mwenye adabu, nitasema hilo. Alinionyesha hata ofisi. Kuna Kitabu cha Mawe, kinachoandika matabaka, na kuna Kitabu cha Maji, kinachoandika usomaji. Vyote viwili ni sahihi, havina hata doa. Kila kimoja kina nyumba yake, na nyumba hizo ziko mbali. Aliwahi kuwepo karani aliyevibeba vyote viwili chini ya kwapa moja wakati wa mvua. Sasa anafanya kazi mdomo wa saba wa mto, kuhesabu kaa, mmoja mmoja, bila kujumlisha.

"Kwa hiyo sheria ya kutojumlisha ilikuja kwa sababu ya vitabu hivi?"

"Watu wakizoea kujumlisha sokoni, bibi, siku moja watajikuta wanajumlisha hapa. Uzembe huanzia kwenye nyanya."

Nikauliza mawe yanatoka wapi, maana kila tabaka linahitaji mawe sitini, mto usilisukume. Akanyoosha kidole kwenye tuta la Kauta. Palikuwa na pengo jipya, refu la hatua kumi, mkabala kabisa na nyumba ya Siwema.

"Mheshimiwa! Mnabomoa tuta kuinua nguzo?"

"Tuta lina urefu wa alama kumi na tano," alisema kwa upole, kama anavyoelezwa mtu wa darasa la nne. "Maji ni tisa. Juu ya tisa tuta halina kazi. Tunapunguza mawe yaliyokaa bure."

Nikakubali kwamba hesabu hiyo ya kutoa ilikuwa sahihi. Walikuwa wanajua kutoa, Asinawa hakusema uongo.

Mchana ule maji yalibadilika. Siwema alikuwa akiosha samaki, akaniita kwenye ngazi. Kwa kawaida mto pale Mkekani una rangi ya udongo wa chungu. Sasa ilikuwa inapita mistari miwili, mwekundu na mweusi, haijachanganyika hata kidogo, na juu yake povu na magome ya miti.

"Unaelewa nini hapo, bibi?"

"Naelewa kwamba mito yote miwili imejaa mara moja, na maji yamepita Kooni kwa haraka hata hayakupata nafasi ya kuchanganyika. Kwetu tukiona magome ya miti ya milimani, hatupiki tena. Tunabeba sufuria na ugali wake."

Siwema aliweka samaki chini. Aliutazama ule mto, akalitazama pengo la tuta, kisha akaita ndani: "Asinawa, amka taratibu. Tunapanda Kilimani."

Tulipanda, mzazi wa siku kumi na mbili amemshika mama yake bega, nami nimembeba mtoto. Kilima ni kirefu, kina ukuta na mlango mmoja wa mbao nzito. Ndani kuna ghala na nyumba za wakubwa. Mlinzi aliinamisha kichwa kutusalimu, kisha akauliza:

"Nguzo imesema ngapi?"

"Tisa," akasema Siwema.

"Basi rudini salama. Mlango haufunguliwi chini ya kumi. Sheria ya Kauta hiyo, si yangu."

"Baba, tazama mto wenyewe! Si huo hapo chini?"

"Mama, mimi ni mlinzi wa mlango. Kutazama mto kuna mtu wake, tena ni kaka yako. Mimi nitafungua siku atakaposema. Wallahi nitafungua kwa mikono miwili, maana hata mimi mke wangu kwao ni bondeni."

Mtu huyo hakuwa mbaya. Nchi nzima ile sikuona mtu mbaya. Kila mmoja alikuwa ameshika kipande chake vizuri sana.

Tuliteremka. Na hapo ndipo nilipojua kwamba yule Msomaji mrefu wa jukwaani, jina lake Ngwali, ni kaka yake Siwema wa tumbo moja. Tulimkuta kwake jua likiwa bado liko juu kidogo, anatengeneza mpini wa jembe ambao haukuwa umeharibika. Siwema hakuketi.

"Kaka, kesho asubuhi sema kweli."

"Shikamoo huisemi siku hizi?"

"Shikamoo. Kesho sema kweli."

"Huwa nasema kweli. Nguzo inasoma tisa. Macho yangu yanaona tisa. Unataka nione nini kingine, Siwema?"

"Mwone mpwa wako yuko nje ameketi kwenye kinu kwa sababu hawezi kusimama! Urefu wote huo Mungu alikupa wa nini, wa kuangulia mapapai?"

Ngwali alicheka bila furaha. Aliweka jembe chini, akanieleza mimi, kwa sababu ni rahisi kumweleza mgeni. "Bibi, baba yangu alisoma tisa miaka thelathini. Babu yangu alisoma tisa miaka ishirini na sita. Katika usomaji wa babu watu mia mbili wa Mkekani walikufa kwa kutojua kuogelea, miongoni mwao bibi yangu, mke wake mwenyewe. Alitoka kumzika akaenda jukwaani akasema tisa. Nikisema mimi namba nyingine, yeye atakuwa nani? Ataitwa nani huko aliko?"

Lilikuwa swali la haki. Nikamuuliza langu.

"Mwanangu Ngwali, Mheshimiwa ametangaza jioni hii tabaka la pili, na la tatu linawekwa sasa hivi, nimesikia wimbo wao tukija. Tisa na tatu ni ngapi?"

Alinitazama. Midomo yake ilicheza kidogo, kama ya mtu anayesoma kimoyomoyo. Kisha Ngwali akainua jembe lake, akaendelea kulainisha mpini. Tukaondoka.

Asubuhi ya pili yake hatukuhitaji kuamshwa. Maji yalikuwa yanagonga miti ya nyumba. Siwema alimfunga Asinawa kanga ya pili, na tukashuka kwenda mtoni pamoja na Mkekani yote. Watu walikuja na kuku, na magunia ya mbegu, na wazee mgongoni, wakasimama kwenye uwanja wa nguzo kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Mbele yao mto. Nyuma yao Kilima, na mlango umefungwa, na mlinzi anachungulia juu ya ukuta.

Wanaume wa Idara walikuwa wamefanya kazi tangu alfajiri. Mikono yao ilivuja damu. Mheshimiwa Tindwa alipanda kwenye meza yake, akachechemea, akatangaza:

"Idara imeongeza tabaka la nne na tabaka la tano!"

Makofi yalikuwa machache, lakini yalikuwepo. Watu ni wazito kuacha mazoea. Pazi akapuliza baragumu.

"Msomaji! Maji yako wapi?"

Ngwali alikuwa jukwaani na kofia yake ya kazi. Alitazama nguzo. Kutoka pale niliposimama hata mimi niliona: maji yalikuwa yamelamba alama ya tisa, sawasawa kabisa, kama yaliyopimwa kwa uzi. Idara ilikuwa imefanya kazi safi.

Ngwali hakusema kitu.

Pazi alidhani hakusikia, akauliza tena. Kimya. Watu wakaanza kutazamana, maana jambo hilo halikuwa na jina. Swali limeulizwa, halijajibiwa, na hakuna ruhusa ya kuketi. Wazee wakaegemea fimbo. Mheshimiwa, mwenye jongo, akaegemea karani. Waheshimiwa wenzake wakakusanyika kando ya meza, wote wima, wakaanza mjadala, nami nilikuwa karibu nikasikia kila neno.

Mmoja alisema kimya cha Msomaji kiandikwe tisa, kwa kuwa Msomaji hajawahi kuwa na neno jingine. Mwingine akapinga: kimya kikiandikwa tisa, kesho kila bubu atadai kazi. Wa tatu alipendekeza alama ya kumi ipewe jina la tisa ndogo, ya kumi na moja tisa ya kati, na kadhalika, na alipongezwa sana, mpaka mtu akamwuliza mlango wa Kilimani utafunguka kwenye tisa gani. Wa nne alisema wachaguliwe wasomaji wawili, na kila mmoja asome nusu ya nguzo. Walikuwa wanaendelea vizuri. Maji nayo yaliendelea. Ulimi mwembamba ulikuwa umepenya kwenye pengo la tuta na kuja uwanjani, ukapita katikati ya miguu ya watu, na kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kuketi, hakuna aliyepata kisingizio cha kusema ameloa.

"Jamani," Pazi aliguna, "mimi magoti yangu ni ya mwaka gani? Mwambieni huyo mtu aseme lolote."

Ndipo Mheshimiwa Tindwa akasogea mpaka chini ya jukwaa, akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu wa familia. "Ngwali, ndugu yangu. Najua ni mpwa wako na kitoto chake. Kwa nini hukuja kwangu jana? Nina chumba Kilimani, kipo wazi. Dada yako, mzazi, mtoto, na huyu bibi mgeni pia. Kuna kijilango cha nyuma, cha kuingizia kuni. Wewe sema tisa tu, na kabla uji haujapoa wao wako juu."

Nilimwona Ngwali akimtazama dada yake. Sikuwahi kuona uso ukisafiri mbali namna ile bila kuondoka mahali pake. Kumbuka, mwanangu, mtoto alikuwa mikononi mwangu. Nilihisi joto lake, na nitakiri kwako kwamba moyo wangu ulisema: chukua, chukua chumba.

Siwema alikuwa amesikia yote. Aliuliza, sasa kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia:

"Mheshimiwa, kijilango hicho cha kuni kina upana gani?"

"Mama, tuongee taratibu..."

"Nauliza kwa sababu nimekuja na jirani zangu. Huyu hapa ni Bi Tausi, hana miguu. Hawa ni wa nyumba ya mvuvi wa mikunga, wako watu wanne na watu watatu. Yule pale na kuku zake simpendi, tuligombana tangu mwaka juzi, lakini naye sikuja kumwona akijifunza kuogelea leo. Watapita?"

Mtu mmoja akacheka, kisha mwingine. Yule mwenye kuku akasema, "Hata mimi sikupendi, Siwema, lakini umeuliza vizuri." Kicheko kikakimbia uwanjani kote, na kilipokwisha kila mtu akatazama miguu yake. Maji yalikuwa vifundoni.

Siwema akamgeukia kaka yake. Nilidhani atamsihi, au atamtukana kama jana. Alimsemesha kama anavyosemeshwa mtu aliyechoka.

"Babu alisema tisa kwa sababu hakuna aliyemwuliza namba nyingine, kaka. Alirudi kutoka makaburini, nchi nzima ikamwuliza swali ambalo lilikuwa tayari na jibu lake. Sisi hatukuulizi hilo. Bibi huyu mgeni alikuuliza jana jingine. Mimi nilikuwepo, nililisikia, nalo halijafungwa."

"Kuuliza jumla hadharani ni kosa!" akapiga kelele karani aliyeegemewa na Mheshimiwa, na alipojisogeza kutafuta kitabu cha sheria, Mheshimiwa nusura aanguke.

Pazi, mzee wa baragumu, alitazama maji miguuni pake. Alimtazama Mheshimiwa, akautazama mlango wa Kilimani na mlinzi aliyekwisha kuweka mikono yote miwili kwenye komeo, anasubiri. Miaka yote ya kazi yake Pazi alikuwa anauliza swali moja. Alijipangusa mdomo, akainua baragumu, hakulipuliza. Akalishusha.

"Msomaji," aliita, "tisa na tano ni ngapi?"

Ngwali alivua kofia. Akanyoosha mabega yale yaliyokuwa yameinama, na nikaona kwa mara ya kwanza jinsi alivyo mrefu. Alihesabu kwa vidole, mbele ya watu wote, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza anayetaka mwalimu aone kila kidole, na umati ukamfuata kwa midomo, na wengine kwa vidole vyao wenyewe, mpaka vidole vikatosha.

"Kumi na nne," alisema.